Kura ya Saba

Chuo cha Harlan Grove, Iowa
21 Februari 1982

Shangazi Corrie,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama, na kwamba mbegu za mahindi zimeshafika dukani kabla wakulima hawajaanza kukuchungulia dirishani. Sisi huku bado tumefungiwa ndani na theluji. Tunafanya mazoezi katika ukumbi wa zamani, juu ya sakafu ya mbao, na mpira ukigonga mbao hauruki, unateleza kama samaki. Kocha Prewitt anasema ni vizuri kwetu. Kwa Kocha Prewitt kila kitu kibaya ni kizuri kwetu.

Nakuandikia kwa sababu nina shida, na katika ukoo wetu ni wewe peke yako uliyewahi kuchezea timu hii.

Unajua kwamba ubingwa wa taifa wa tenisi kwa wasichana wa vyuo huandaliwa na chama cha wanawake, kile ambacho Kocha na wenzake walihangaika kukijenga. Mwaka huu chama kikubwa, kile cha wanaume, nacho kimeanzisha ubingwa wake wa wasichana. Mashindano yote mawili yatafanyika majira haya ya kuchipua, na timu moja haiwezi kuingia yote. Juzi Bwana Strand, mkuu wa michezo, alikuja mazoezini na viatu vyake vya ngozi, akasimama katikati ya uwanja.

“Mabinti,” akasema, “hapa hatumlazimishi mtu. Pigeni kura wenyewe. Mwisho ni tarehe 15 Machi. Mko sita, kwa hiyo kura zikilingana, kocha wenu ndiye atakayeamua.”

Kocha alikuwa anaokota mipira. Hakuinua uso.

Tangu siku hiyo hatuli kwa amani. Roxanne Bialek, mchezaji wetu namba moja, yule wa Chicago ninayelala naye chumba kimoja, anataka chama kikubwa. “Walio bora wote watakwenda huko,” anasema. “Ukishinda kule kwa akina mama, watu watasema umeshinda kwa sababu wengine hawakuja.”

Peggy Lund akamjibu, “Na hao wanaume walikuwa wapi miaka kumi iliyopita, wasichana walipokuwa wanajishonea namba mgongoni?”

“Peggy, miaka kumi iliyopita wewe ulikuwa unacheza na mwanasesere.”

“Na hata yeye alikuwa anakushinda kwa mkono wa kushoto.”

Tulicheka, lakini si sana. Wawili wako upande wa Roxanne, kwa hiyo wao ni watatu. Peggy ana mmoja, wao ni wawili. Mimi sijasema. Nikienda kwa Roxanne, mambo yamekwisha. Nikienda kwa Peggy, tunalingana, na Kocha anaamua. Kila mtu ananipitishia chumvi mezani kabla sijaiomba.

Shangazi, nipige wapi?

Mpwa wako,
Rika


Duka la Mbegu la Dykhuis, Middelveld, Iowa
25 Februari 1982

Rika mwanangu,

Marahaba. Mbegu zimefika, na wakulima wamefika kabla yake.

Umeniuliza swali la sasa, nami nitakujibu kwa habari za kale, kama desturi ya shangazi wote. Mwaka 1963 Kocha alinipeleka St. Louis kwa gari lake mwenyewe. Wasichana kutoka vyuo vya nchi nzima walikuwa wanacheza huko, mmoja mmoja na wawili wawili. Kombe la timu halikuwepo, maana nani aliamini kwamba wasichana wana timu? Tulilala kwenye magodoro sakafuni. Raundi ya pili nikatolewa na msichana wa California aliyepiga mpira kana kwamba umemtukana mama yake. Gazeti la chuo likaandika sentensi mbili: kwamba nilikwenda, na kwamba sketi yangu ilikuwa nzuri. Hata hiyo sketi ilikuwa ya Kocha. Yangu ilichanika njiani.

Hatukuwa na waamuzi, kama ninyi mnavyocheza mechi zenu nyingi mpaka leo. Kila mtu anaita mipira inayoangukia upande wake. Unasema “nje” kwa mdomo wako, na mwenzako hana la kufanya ila kukuamini. Najua Kocha bado anawafundisha alivyotufundisha sisi: mpira ambao hukuuona wazi kwamba uko nje, uko ndani, na pointi ni ya mwenzako. Wengi wanasema hivyo. Yeye anaishi hivyo. Nilimwona siku moja akicheza na mke wa mkuu wa chuo. Aligawa mipira ya mashaka mpaka akapoteza mechi aliyokuwa anaongoza, kisha akaenda kula aiskrimu kama mtu aliyeshinda. Nikamwambia, “Kocha, ule wa mwisho ulikuwa nje.” Akasema, “Labda. Lakini mimi ndiye niliyetaka uwe nje, kwa hiyo macho yangu si shahidi.”

Moyo wangu uko kwa chama cha wanawake. Sitakuficha. Lakini mimi ni wa zamani, nisije nikakufunga kamba ya viatu vyangu. Ngoja nimwandikie Kocha nisikie anasemaje, halafu nitakupa jibu kamili.

Kula nyama. Mama yako anasema umekonda.

Shangazi yako,
Corrie


Harlan Grove
1 Machi 1982

Cornelia mpendwa,

Umeniuliza waziwazi, nami nakujibu waziwazi, kwa sharti kwamba haya yanaishia kwako.

Bwana Strand aliniita ofisini siku moja kabla ya kuzungumza na wasichana. Tukiingia chama kikubwa, idara ya michezo ya wanawake itaunganishwa na ya wanaume, na timu mbili za tenisi zitakuwa na kocha mmoja. Si mimi. Kuanzia vuli nitafundisha kuogelea kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Tukibaki na chama cha wanawake, idara yangu inabaki, na timu inabaki nami, walau kwa mwaka mmoja mwingine. Aliyasema kwa upole sana, na alinikaribisha biskuti.

Wasichana hawajui, na sitaki wajue. Wakijua, hawatachagua mashindano, watachagua kati ya kunihurumia na kutonihurumia. Nimekuwa na timu hii tangu kabla Rika hajazaliwa. Nimeiendesha kwa gari langu, nimeifulia, nimeiombea ruhusa ya kukosa mitihani. Sijawahi kuiomba inihurumie, na sitaanza sasa.

Rika amekuandikia, najua, maana ana uso kama dirisha lisilo na pazia. Naomba uniahidi kwamba hutamwambia. Wala usimsukume upande wowote, kwa sababu sasa unajua, na atakayekuwa anasukuma ni siri hii.

Wako,
Adaline Prewitt


Middelveld
4 Machi 1982

Kocha,

Naahidi. Lakini nataka ujue kwamba naahidi meno yakiwa yameumana.

Huyo binti aliniuliza swali la kweli. Sasa nitamjibu nini? Nimwandikie habari za hali ya hewa?

Cornelia


Middelveld
5 Machi 1982

Rika,

Nimefikiri, na nimeona si haki mimi kukushauri. Piga kura kama unavyoona. Usiniulize tena jambo hili.

Huku kumeanza kuyeyuka. Barabara ni matope matupu.

Shangazi Corrie


Harlan Grove
8 Machi 1982

Shangazi,

Shikamoo. Nimepokea barua yako. Nimeisoma mara nyingi nikitafuta kama kuna ukurasa mwingine.

Sijui nimekukosea nini. Uliniahidi jibu kamili, kisha umeniandikia habari za matope. Kama uliona nimekuwa mzito wa kuamua, ungeniambia, ningevumilia. Wewe ndiye uliyenishikisha raketi nyuma ya duka, ukinirushia mipira kutoka kwenye gunia la mbegu. Sikuzoea kufungiwa mlango na wewe.

Nilimwendea Kocha pia. Nikamwuliza, “Kocha, wewe ungependa twende wapi?”

Akasema, “Ningependa uinue raketi mapema. Unachelewa kama treni ya Desemba.”

“Nazungumza habari ya kura.”

“Nami nazungumza habari ya mkono wako. Rudi mstarini.”

Basi kila mtu mzima amenigeuzia mgongo, na anayezungumza nami ni Roxanne peke yake. Jana tulikaa kitandani kwake tukila keki aliyotumiwa na mama yake. Nilidhani anataka tu kuonekana. Akaniambia, “Rika, kwetu kaka zangu wote wamecheza mpira wa miguu chuoni. Wakirudi nyumbani mtaa mzima unatoka nje. Mimi mwaka jana nilikwenda ubingwa wa taifa. Niliporudi, jirani akaniuliza, ‘Ubingwa upi huo?’ Nikamweleza. Akasema, ‘Aa, ule wa akina dada.’ Yaani kama mchezo wa kuigiza wa kanisani. Nataka mwaka mmoja tu nisilazimike kumweleza mtu.”

Nikamkatia kipande kingine cha keki. Wewe ungekuwa na jibu labda, lakini umesema nisikuulize.

Nimeamua. Jumatatu nitapiga kura pamoja na Roxanne. Bado sijamwambia, lakini moyo umetulia.

Mpwa wako,
Hendrika


Middelveld
11 Machi 1982
(Kwa posta ya haraka)

Rika,

Soma barua hii ukiwa umekaa, na peke yako.

Hukunikosea lolote. Niliandika habari za matope kwa sababu niliahidi kunyamaza. Sasa navunja ahadi. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na sijawahi kuvunja ahadi niliyompa mtu yule, kwa hiyo ujue uzito wake.

Mkienda kwenye chama kikubwa, Kocha Prewitt ananyang'anywa timu. Kocha wa wanaume ataichukua, na Prewitt atapelekwa bwawani kufundisha watoto wa mwaka wa kwanza kuogelea. Mkibaki, anabaki. Bwana Strand amemwambia. Kocha hataki mjue. Anasema mtamhurumia.

Sikwambii upige wapi. Aliyoyasema Roxanne ni ya kweli, na mimi nilimlilia huyo binti nikiwa nimesimama nyuma ya kaunta mbele ya wateja. Lakini nilipoona umeandika “moyo umetulia”, nikajua siwezi kukuacha upige kura ukiwa umefungwa macho, halafu uje ujue mwezi wa sita kwamba mimi nilijua. Usimwambie mwingine yeyote.

Nisamehe kwa barua ile fupi. Nimeiona sura yako ukiisoma.

Shangazi Corrie


Harlan Grove
16 Machi 1982

Shangazi,

Barua yako ilinifikia jana mchana, na kura ilikuwa jioni. Nakuandikia kwa haraka, utaniwia radhi kwa mwandiko.

Tulikusanyika kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Kocha aligawa vipande vya karatasi na kofia yake ya jua ikawa sanduku. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu kichwani. Nikimpa Peggy kura yangu, tunakuwa watatu kwa watatu, na Kocha anaamua. Sikuhitaji kumwambia mtu siri. Sikuhitaji kumfanya mtu amhurumie. Nitamweka tu Kocha mbele ya mlango wake mwenyewe, naye ataufungua, maana ni nani asiyefungua mlango wa nyumba yake? Nilijiona nina akili sana, Shangazi. Niliandika “chama cha wanawake” kwa herufi safi kama za mtihani.

Kocha alifungua karatasi moja moja. Tatu kwa tatu. Roxanne akanitazama, kwa sababu alikuwa amehesabu vingine. “Rika,” akasema taratibu, “umekula keki yangu.”

“Nyamaza, Roxanne,” Peggy akasema. Alikuwa anatabasamu tayari. “Kocha, ni zamu yako.”

Kocha alikaa kwenye benchi. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaivaa tena. Mimi nilikuwa namwangalia kama mtoto anayemwangalia mama yake akifungua zawadi.

Akasema, “Chama kikubwa.”

Roxanne na wenzake waliruka wakakumbatiana. Peggy aliupiga mlango wa kabati teke. Na mimi, Shangazi, sijui sauti ilitoka wapi. Nilisimama nikapiga kelele, “Kocha, ilikuwa yako! Nilikupa kusudi! Kwa nini umewapa wao?”

Kocha akaniangalia, na pale pale akajua kwamba wewe umeniambia. Roxanne akauliza, “Yako nini? Rika anasema nini?” Akauliza tena kwa nguvu, basi nikasema yote. Bwawa, kocha wa wanaume, vuli. Niliyamwaga pale sakafuni.

Roxanne aliketi. Rangi ilimtoka. “Kocha,” akasema, “mbona hukusema?”

“Ningesema, mngenipigia kura mimi. Karatasi haikuwa na jina langu.”

“Turudie,” Roxanne akasema. “Nabadilisha yangu. Turudie kura sasa hivi.”

“Hatuchezei kura hapa,” Kocha akasema. “Mliulizwa mnataka kucheza wapi. Watatu walitaka huku, watatu kule. Kesho saa tisa, mazoezi. Mvae soksi nzito.” Akatwaa kofia yake, akatoka.

Nimefanya nini, Shangazi? Kama ningepiga na Roxanne, wangeshinda wao na Kocha asingelazimika kujitoa kwa mdomo wake mwenyewe. Nilimlazimisha aseme.

Rika


Harlan Grove
17 Machi 1982

Cornelia,

Ulivunja ahadi.

A. P.


Middelveld
20 Machi 1982

Kocha,

Ndiyo. Na kesho ningeivunja tena. Wewe una haki ya kukataa huruma ya watu, lakini huna haki ya kuwachagulia wasichana kile watakachokuja kukijutia.

Ukitaka kuacha kuniandikia, acha. Ukitaka kuja kula, kuku yupo.

Cornelia


Harlan Grove
22 Machi 1982
(Kwa mkono, chini ya mlango wa chumba)

Hendrika,

Siku zote hizi unakuja mazoezini, unasema “ndiyo, Kocha” na “hapana, Kocha”, na unatazama wavu. Mimi si mtu wa kuzungumza kwenye korido, kwa hiyo naandika.

Umenikasirikia kwa sababu ulinipa kitu nikakirudisha. Nami nimekukasirikia kidogo kwa sababu ulinipa. Fikiri. Ulinirushia mpira ukaangukia kwenye mstari wangu, na ukanitaka niuite. Kazi yangu, meza yangu, funguo zangu, vyote vilikuwa upande wangu wa wavu. Nilitaka sana kusema “nje”. Hujui ni kiasi gani. Na kwa kuwa nilitaka, sikuweza. Nimewafundisha wasichana wa chuo hiki jambo hilo kila mwaka, na mwaka niliofikiwa mimi ningesemaje?

Lakini kuna na jambo la pili, na hili sijamwambia hata shangazi yako.

Nilipokuwa na umri wako, baada ya vita, wasichana hatukuruhusiwa kushindana. Walimu wetu walisema kushindana kunaharibu mishipa ya fahamu. Vyuo vikikutana, ilikuwa “siku ya michezo”. Walituchanganya kwa rangi za utepe, wa chuo hiki na wa chuo kile upande mmoja, ili chuo chochote kisije kikashinda. Baadaye tulikunywa kakao. Siku moja nilicheza mchezo bora wa maisha yangu nikiwa na utepe wa njano, na aliyekuwa upande wa pili wa wavu alikuwa rafiki yangu wa chumbani. Nilipouliza nani ameshinda, mwalimu akasema, “Wote mmefurahi, mpenzi. Chukua kakao.”

Tangu siku ile nilitaka wasichana wawe na mahali pa kwenda ambapo mtu atawaambia nani ameshinda. Tulipojenga chama chetu, ilikuwa kwa ajili hiyo. Siwapendi hawa wanaokuja kuvuna shamba ambalo hawakulima, na sitajifanya nawapenda. Lakini Roxanne alikuwa sahihi kwamba mwaka huu walio bora watakwenda kule, na chama chetu hakitaishi muda mrefu. Ukimpenda mchezaji, unampeleka walipo wachezaji. Ningewapeleka hata kama ningejua dereva atashushwa njiani.

Sijui kama nilifanya vyema. Niliuona mpira kwenye mstari, nikauita ndani.

Bado unachelewa kuinua raketi.

A. Prewitt


Harlan Grove
25 Aprili 1982

Shangazi,

Shikamoo. Samahani kwa kukaa kimya. Sikuwa na la kusema ambalo halikuwa kilio.

Tulikwenda kwa Bwana Strand, wote sita. Roxanne ndiye aliyezungumza, na alizungumza vizuri mpaka Bwana Strand alipotukaribisha biskuti, akamwita “mzee wa biskuti”. Bwana Strand hakukasirika. Alisema amesikia, anaelewa, na hakuna kitakachobadilika. Alisema Kocha Prewitt ni wetu mpaka mechi yetu ya mwisho ya msimu, basi.

Tulipotoka, Roxanne alisimama kwenye ngazi. “Mmemsikia?” akasema. “Mpaka mechi ya mwisho.”

“Ndiyo,” Peggy akasema, “kwa hiyo?”

“Kwa hiyo ni lini, Peggy? Nani anajua mechi ya mwisho ni lini? Ukitolewa raundi ya kwanza, ni siku hiyo. Usipotolewa, siyo siku hiyo.”

Kisha Peggy akasema, “Mimi sikumpenda huyu msichana kamwe, lakini ana kichwa.”

Tangu siku hiyo hatujapoteza mechi. Wiki iliyopita tulishinda mashindano ya kanda na nafasi yetu ya taifa imethibitishwa. Tunacheza vibaya sana, Shangazi, kwa woga, lakini tunashinda. Peggy anatapika kabla ya kila mechi. Mimi nimepoteza usingizi. Kila mpira naona kama bwawa la kuogelea liko nyuma yake.

Na Kocha bado sizungumzi naye isipokuwa habari za mkono. Barua yake ninayo na naielewa. Ila kuelewa na kusamehe si ndugu wa tumbo moja, nami ninajitahidi.

Rika


Hotelini, kwenye mashindano
Mei 1982

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Wenzangu wako chini wanakula, mimi nimeomba ruhusa nikuandikie kabla sijasahau chochote.

Leo ilikuwa raundi ya kwanza, na tulipangiwa chuo kutoka California. Wote ni warefu na wana mifuko inayofanana. Asubuhi Roxanne alitukusanya nyuma ya basi. “Tukishindwa leo,” akasema, “Kocha anakwenda kuwashika watoto matumbo wasizame. Anayetaka kumpeleka ainue mkono.” Hakuna aliyeinua.

Mechi za mmoja mmoja tuligawana, tatu kwa tatu. Roxanne alishinda yake. Mimi nilipoteza yangu, seti mbili kavu, na sikumbuki hata mpira mmoja. Halafu wawili wawili, wakachukua moja, tukachukua moja. Nne kwa nne. Ikabaki mechi moja uwanjani, na waliokuwa ndani yake tulikuwa Roxanne na mimi.

Seti ya kwanza tulipoteza. Ya pili tuliipata kwa bahati. Ya tatu tukawa nyuma, gemu mbili kwa nne, tukaenda kukaa wakati wa kubadilisha pande. Timu zote mbili zilikuwa zimekuja kusimama uzioni, na watu wengine ambao hata hatuwajui. Kocha alikuwa kwenye kiti chake. Mimi nilitazama chini kama kawaida yangu. Roxanne alikuwa anahema, machozi yamemjaa.

Kocha akatutazama mmoja mmoja. Akasema, “Mnacheza kama watu waliobeba jeneza.”

Roxanne akajifuta uso kwa mkono.

“Mimi sijafa. Nimekaa hapa, nina kiu, na ninyi wawili mmenizibia upepo. Roxanne, nipe hayo maji. Hendrika, niangalie.”

Nikamwangalia, Shangazi. Kwa mara ya kwanza tangu Machi. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa jua na pua imeanza kubambuka.

“Hamuwezi kunibakiza,” akasema. “Sikilizeni vizuri, maana mwamuzi ananiangalia. Hata mkichukua kombe lote, vuli nitakuwa bwawani, na nitakuwa mwalimu mzuri wa kuogelea. Kwa hiyo, hiyo kazi mliyojipa, nawaondolea. Nimewafuta kazi. Sasa hivi hamna kazi yoyote duniani isipokuwa wale wawili pale, na yule mfupi hapendi mpira wa juu. Nimengoja tangu nilipokuwa na umri wenu kuona mtu akiambiwa nani ameshinda. Nendeni mkaniulizie.”

Roxanne alicheka huku analia, sauti mbaya kama ya bata. Mimi nilitaka kusema “Kocha, nisamehe”, lakini mwamuzi alikuwa ameshaita muda. Nikasema tu, “Yule mfupi?”

“Yule mfupi,” akasema.

Tulimpa mfupi mipira ya juu mpaka akamlalamikia Mungu. Nne kwa nne. Tano kwa tano. Kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi sikuona bwawa lolote, niliona mpira tu, mweupe kidogo kwa vumbi, na nilikuwa na wakati wa kutosha kuupiga. Mpira wa mwisho aliupiga Roxanne, katikati ya wale wawili, na kila mmoja akamwachia mwenzake.

Mwamuzi alitangaza kwa sauti. Alilitaja jina la chuo chetu. Alisema tumeshinda, na kwa ngapi.

Nilimtafuta Kocha. Hakuwa ameruka wala kupiga makofi. Alikuwa amesimama, mikono imelegea ubavuni, amegeukia kiti cha mwamuzi, anasikiliza mpaka neno la mwisho, kama mtu anayesikiliza anwani ya nyumba aliyoitafuta kwa muda mrefu. Halafu akaja kwetu, akaninyooshea mkono, nami sikuushika. Nilimkumbatia. Alinuka jasho na mafuta ya jua. Akasema, “Haya, haya, watu wanatutazama,” lakini hakuniachia.

Wameniita mara mbili chakula kinapoa. Kesho asubuhi tunakutana na timu ambayo kila mtu anasema itachukua kombe. Roxanne anasema watatumeza. Peggy anasema watakwama kooni. Mimi sijui, na cha ajabu ni kwamba siogopi. Kocha yuko mezani sasa, namsikia mpaka huku juu akimwambia Peggy apunguze pilipili, na ametuagiza wote tuwe na raketi mkononi saa moja kamili asubuhi, kwa sababu leo jioni, Shangazi, yeye bado ni kocha wetu.

Mpwa wako akupendaye,
Rika